Maswali ya Wasomaji: Taratibu za Darasa la Sayansi na Sababu Zake

Mwaka wa masomo unapoanza, mwanafunzi wa sekondari anayesoma kemia, fizikia au biolojia hukabidhiwa karatasi yenye taratibu za somo: vifaa anavyopaswa kuleta, namna alama zitakavyohesabiwa, na mambo yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa maabarani. Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu karatasi hiyo. Walioandika ni walimu, wanafunzi, mzazi mmoja na mtaalamu mmoja wa maabara. Nimewajibu nikiwa mtu aliyefundisha kemia kwa miaka mingi, na ninayeamini kwamba karatasi hiyo ndiyo somo la kwanza la sayansi analolipata mwanafunzi, hata kabla hajashika neli ya majaribio.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, mwaka huu ndio wa kwanza kwangu kufundisha, na nimepangiwa kemia. Nimetakiwa niandae mwongozo wa somo utakaotiwa saini na mwanafunzi pamoja na mzazi wake. Nimekusanya kanuni kutoka kwa wenzangu hadi zimefika 34, nami nahofia kwamba hakuna atakayezisoma. Je, nipunguze ngapi, na nianze na ipi?

JIBU: Hofu yako ina msingi, lakini usianze kwa kuhesabu. Ichukue kila kanuni peke yake, jiulize imewekwa kwa nini, kisha andika jibu lako pembeni kwa sentensi moja. Utaona zinajigawa zenyewe: zipo zinazolinda mwili wa mwanafunzi, zipo zinazolinda ukweli wa kazi yake, na zipo zinazolinda muda wa wenzake. Zile utakazoshindwa kuziandikia sababu, au ambazo sababu yake ni kwamba jambo fulani linakuudhi wewe, zifute. Nilipofanya zoezi hilo mwenyewe nilibaki na kanuni 11. Miongoni mwa nilizofuta ilikuwamo moja niliyoisimamia kwa ukali kwa miaka minne, kwamba kila kichwa cha ripoti kipigiwe mstari kwa wino mwekundu. Sikuweza kuipatia sababu yoyote, na niliumia kukumbuka alama nilizowakata watoto kwa ajili yake.

Kanuni ikiambatana na sababu yake, mwanafunzi huipokea kwa namna nyingine. Ukiandika tu kwamba ni marufuku kuacha mkoba sakafuni, atadhani unapenda usafi. Ukiongeza kwamba kati ya meza atapita mwenzake aliyebeba bika ya maji ya moto, macho yake yakiwa kwenye bika na wala si miguuni, atausogeza mkoba bila kuambiwa mara ya pili. Vivyo hivyo kwa nywele ndefu na mikono ya shati iliyolegea. Tundu la hewa la kichomeo cha Bunsen likiwa wazi, mwali wake huwa wa buluu, wenye joto kali, na penye mwanga mwingi hauonekani vizuri. Likifungwa, mwali hugeuka wa njano na huonekana hata kutoka upande wa pili wa chumba. Ndiyo maana kichomeo kinachosubiri kutumika huachwa na mwali wa njano, na ndiyo maana nywele hufungwa kabla kiberiti hakijawashwa. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hilo atafunga nywele zake pia katika maabara ambayo wewe hutakuwamo.

Kuhusu mpangilio, ningeanza na kile ambacho somo linataka kumfikisha mwanafunzi, kisha alama, kisha usalama, kisha uaminifu wa kazi, na mambo ya mahudhurio na uchelewaji yaje mwishoni. Watu wengi hupindua mpangilio huu, na mtoto anapoishika karatasi hukutana kwanza na orodha ya makosa ambayo bado hajayafanya.

Liko jambo ambalo halimo katika kanuni zako zote 34, nalo ni ahadi zako wewe. Andika kwamba ripoti itarudishwa baada ya siku kadhaa utakazozitaja kwa tarakimu, kwamba mtihani utatangazwa mapema, na kwamba upo saa fulani kwa mwenye swali. Andika pia kwamba ukiuliza swali darasani utangoja. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani, katika kazi zake za miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu wa sayansi humpa mwanafunzi baada ya kuuliza swali, akakuta kwamba kwa kawaida hauzidi sekunde 1 hivi. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kuzungumza, na maswali ya wanafunzi wenyewe yakaongezeka. Si haki kudai ushiriki katika karatasi ya taratibu huku ukiwanyima muda wa kufikiri.

Saini, kwa upande wake, huthibitisha kwamba karatasi ilifika nyumbani, basi. Ili ujue kama imeeleweka, toa jaribio fupi la maswali ya usalama ambalo kila mmoja ni lazima alipate lote kabla ya kugusa kemikali, na anayekosa swali moja alirudie hadi alipate. Siku ya kwanza usiwasomee karatasi. Wasimamishe, watembeze, wagusishe kwa mikono yao koki kuu ya gesi, bomba la kuoshea macho, blanketi la kuzimia moto, mtungi wa kuzimia moto na mlango wa dharura. Kisha waambie wafumbe macho na waonyeshe kwa kidole mahali bomba la kuoshea macho lilipo. Wengi watakosea mara ya kwanza, na mtu aliyemwagikiwa na kemikali machoni hatakuwa akiona anakokwenda.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kikundi chetu kilifanya titresheni, yaani kudondoshea kimiminika kimoja ndani ya kingine hadi rangi ibadilike, mara tatu, tukapata sentimita za ujazo 27.8, kisha 24.1, kisha 24.3. Mwenzetu alifuta 27.8 akaandika 24.2, kwa sababu mwalimu wetu hukata alama kipimo kikiwa mbali na jibu la kitabu. Jibu letu la mwisho lilitoka zuri na tukapata alama zote, lakini mimi sina raha. Je, tumekosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ndiyo, mmekosea, na kukosa kwako raha kunanipa matumaini makubwa kuliko alama zote hizo.

Tuanze na mnachopaswa kufanya. Kipimo cha 27.8 kinabaki daftarini. Mnakipiga mstari mmoja, tena mwembamba, ili kiendelee kusomeka, na pembeni mnaandika kwa nini hamkukiingiza katika wastani. Sababu halali ipo, na pengine ni rahisi kuliko mlivyodhani. Titresheni ya kwanza kwa desturi ni ya makadirio: unafungua koki ya bureti, ile neli ndefu yenye alama za ujazo, kwa haraka ili ujue tu rangi itabadilika karibu na wapi, na kwa kuwa umekwenda haraka, unapitiliza. Baada ya hapo unarudia tone kwa tone hadi upate vipimo viwili vinavyotofautiana kwa si zaidi ya 0.1 au 0.2, kutegemea mtaala wenu. Vipimo vyenu vya pili na vya tatu vimekaribiana kiasi hicho. Kwa maneno mengine, mngeandika ukweli mtupu na bado mngepata wastani wa 24.2. Uongo wenu haukuwaongezea chochote, ila umewapotezea ushahidi.

Daftari la maabara linaandikwa kwa wino, kurasa zake zina namba, halichanwi karatasi wala halipakwi rangi nyeupe ya kufutia, na sababu ya yote hayo ni kwamba leo hujui ni kipimo kipi kitakuja kuwa na maana kesho. Michael Faraday, aliyegundua kwamba sumaku inayosogea karibu na waya huzalisha umeme ndani yake, aliweka shajara ya majaribio kwa miongo kadhaa na kuzipa namba aya zake, nazo zikapita 16,000. Majaribio yaliyoshindikana yamo humo pamoja na yaliyofaulu.

Naomba nikusimulie pia habari ya Robert Millikan, kwa sababu inaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kumgusa hata mtu mwenye kipaji kikubwa. Alipima chaji ya elektroni kwa kutazama matone madogo ya mafuta yakielea kati ya bamba mbili zenye umeme. Katika makala yake ya mwaka 1913 alitoa matokeo ya matone 58, akaeleza kwamba hayo si kundi lililoteuliwa, bali ni matone yote yaliyofanyiwa majaribio katika siku 60 mfululizo. Madaftari yake yalipochunguzwa na mwanahistoria wa sayansi Gerald Holton katika miaka ya 1970, ilionekana kwamba alipima matone mengi zaidi, na kwamba mengine aliyaacha. Huenda alikuwa na sababu nzuri kwa mengi kati yake, kama vile kifaa kutotulia, na thamani aliyoipata ilikaribia sana ile tunayoitumia leo. Ilipungua kidogo kwa kuwa alitumia kipimo cha mnato wa hewa kisicho sahihi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1923. Hata hivyo, sentensi ile moja imemfuata hadi leo, na kila mjadala wa uaminifu katika vipimo unamtaja. Angeandika kwamba ameyaacha matone kadhaa kwa sababu hizi na hizi, pasingekuwa na la kusema.

Sasa nageuka kwa mwalimu wako, ambaye natumaini anasoma safu hii. Anayetoa alama kwa kukaribia jibu la kitabu anawafundisha watoto kutazama kitabu kabla ya kutazama bureti. Alama zitolewe kwa jedwali lililojazwa palepale, kwa hesabu inayofuata vipimo vilivyopatikana, na kwa maelezo ya tofauti iliyojitokeza. Tena maelezo hayo yawe mahususi. Mimi sikubali ripoti inayosema kwamba tofauti ilitokana na makosa ya kibinadamu, kwa sababu maneno hayo hayamwambii msomaji arekebishe nini. Niambie kwamba kiputo cha hewa kilikuwa kwenye ncha ya bureti mlipoanza, au mlisahau kuondoa faneli juu yake ikaendelea kudondosha, au mlisoma kiwango mkiwa mmesimama badala ya kushusha jicho lilingane na sehemu ya chini ya uso uliopinda wa kimiminika. Hapo nitajua mliona.

Kuhusu ripoti iliyokwisha kusahihishwa, nenda na wenzako mkamweleze mwalimu. Huenda mkapunguziwa alama. Nendeni tu.

SWALI: Mwalimu, salaam. Binti yangu hupata 80 au zaidi katika mitihani ya fizikia, lakini alama yake ya muhula imeshuka vibaya kwa sababu ya ripoti za maabara alizochelewa kuwasilisha na kuwekewa sifuri. Naona anaadhibiwa kwa jambo lisilohusiana na fizikia. Je, nina haki ya kulalamika?

JIBU: Una haki ya kuuliza, na hesabu iko upande wako kwa sehemu. Chukua alama tano zenye uzito sawa, nne kati yake zikiwa 80 na moja ikiwa sifuri. Wastani wake ni 64. Hakuna anayeweza kuitazama 64 hiyo akajua kwamba anaona mwanafunzi anayeelewa fizikia vizuri na ambaye mara moja hakuleta kazi. Namba moja imelazimishwa kubeba habari mbili tofauti, na haiwezi kuzibeba bila kuzivuruga zote.

Hata hivyo sikubaliani nawe kwamba uchelewaji hauhusiani na fizikia. Ripoti ya jaribio huandikwa kutokana na mambo yaliyoonekana, na kumbukumbu ya yaliyoonekana hufifia upesi. Baada ya wiki tatu mwanafunzi hakumbuki kama uzi wa pendulamu ulikuwa ukigusa meza au la, naye hulazimika kubuni. Kwa hiyo katika darasa langu niliigawa kazi mara mbili. Jedwali la vipimo lilikaguliwa na kutiwa saini kabla mwanafunzi hajatoka maabarani, na hapo sikuwa na msamaha hata kidogo. Ripoti yenyewe ilikuwa na siku 7. Ikichelewa ilipunguziwa sehemu ndogo ya alama, sehemu ileile kwa kila mtu, na niliendelea kuipokea hadi siku nilipowarudishia wengine zilizosahihishwa. Baada ya siku hiyo aliyekuwa bado na deni alipewa vipimo vingine avichambue, kwa sababu majibu ya vile vya awali yalikuwa yameshazagaa.

Mwandikie mwalimu moja kwa moja, usimtume binti, na umwombe mchanganuo: mitihani ina uzito gani, vitendo vina uzito gani, na mazoezi ya nyumbani yana uzito gani. Mazoezi ya nyumbani ningependa yawe na uzito mdogo kabisa, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa kukosea bila hasara. Kisha kaa na binti yako. Ripoti kadhaa zilizochelewa hazitokei kwa bahati mbaya. Mara nyingi nimekuta kwamba mwanafunzi hodari wa mitihani hukwama kwenye sehemu ya majadiliano, kwa sababu swali la mtihani lina jibu linalongojewa, ilhali vipimo vyake mwenyewe vinamtaka aseme jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Hilo ni tatizo la kujifunza, na mwalimu akilijua anaweza kulisaidia; akiona sifuri tu, hataliona.

SWALI: Mwalimu, ninafundisha kemia na biolojia. Nimechoka kuwa askari wa miwani ya usalama. Wanafunzi huivua kila ninapogeuka, wakisema ina ukungu au wamekwisha kumaliza kazi. Wenzangu wengine hawaivai kabisa. Nifanye nini?

JIBU: Anza na hao wenzako, na ujitazame na wewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikipasha moto fuwele za mrututu mbele ya darasa ili waone rangi ya buluu ikipotea maji yanapotoka, na miwani yangu ilikuwa juu ya paji la uso. Msichana wa safu ya mbele alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, miwani." Nilizima kichomeo, nikaivaa, nikamshukuru mbele ya wenzake wote, na kuanzia siku ile niliongeza katika karatasi ya taratibu kwamba yeyote chumbani, mwanafunzi au mwalimu, anaweza kusimamisha jaribio akiona hatari, na hataulizwa kwa ukali. Kanuni ya miwani haikunisumbua tena kama zamani, kwa sababu iliacha kuwa yangu peke yangu.

La pili, eleza kwamba miwani huvuliwa kikundi cha mwisho kinapomaliza kuosha vyombo. Anayesema amekwisha kumaliza anafikiria neli yake tu, na hali kinachoweza kumrukia ni cha jirani. Miwani ya kawaida ya kusomea haitoshi pia, kwani pembeni iko wazi. Wanafunzi wengi huogopa tindikali na kudharau besi. Waambie wazi kwamba haidroksaidi ya sodiamu, ambayo ni besi, ikiingia jichoni huendelea kupenya ndani ya tishu, na inaweza kudhuru zaidi kuliko tindikali nyingi. Jicho lililoingiwa na kemikali huoshwa papo hapo kwa maji yanayotiririka, kope zikiwa zimeshikwa wazi, kwa angalau dakika 15, na msaada huitwa wakati uoshaji ukiendelea. Kumtembeza mtoto hadi chumba cha huduma ya kwanza kabla ya kumwosha ni kupoteza dakika zilizo muhimu kuliko zote.

Ukungu ni malalamiko ya kweli, usiyapuuze. Miwani yenye matundu ya hewa yaliyofunikwa hupunguza ukungu bila kuruhusu matone kuingia, na iliyokwaruzika hadi haipitishi mwanga vizuri haifai kumpa mtoto.

La tatu ni matokeo ya kuvunja kanuni. Usifoke, na usipunguze alama za kemia. Anayevua anaweka vifaa chini, anaondoka mezani, na anamalizia kazi kwa vipimo vya kikundi kingine akiwa ameketi mbali. Akirudia, hali ni ileile. Miwani ni sharti la kuwa karibu na kemikali, na asiyetimiza sharti hakai karibu nazo, awe mwanafunzi hodari au mgeni aliyepita kutusalimia.

Kwa kuwa umetaja wenzako, niongeze neno juu ya maonyesho ya mwalimu, ambayo wengi huyadhani salama kwa sababu anayeshika vifaa ni mtu mzima. Lipo onyesho maarufu la kuchoma chumvi mbalimbali zilizoloweshwa kwa methanoli ili kuonyesha rangi za mwali. Wanafunzi wameungua vibaya katika onyesho hilo, hasa mwalimu alipoongeza methanoli kutoka kwenye chupa kubwa huku pakiwa bado na mwali ambao hakuuona. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu maonyesho ya aina hiyo mwaka 2014. Rangi zilezile huonekana kwa vijiti vya mbao vilivyolowekwa usiku kucha katika myeyusho wa chumvi na maji, kisha kupitishwa kwenye mwali wa kichomeo, bila tone la methanoli. Penye njia mbili zinazofundisha jambo lilelile, sioni namna ya kuitetea ile inayoweza kumuunguza mtoto.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwa nini haturuhusiwi kutafuna jojo wala kunywa maji maabarani hata siku tunayofanya mahesabu tu? Na simu je, kama naitumia kama saa ya kupimia muda?

JIBU: Marahaba. Meza unayofanyia mahesabu leo ilikuwa na kemikali jana, nawe huwezi kujua kwa macho kama ilifutwa vizuri. Mwaka 1879 mkemia Constantin Fahlberg alikula chakula baada ya kazi bila kunawa vizuri, akaonja utamu wa ajabu uliotoka mikononi mwake. Ndivyo sakarini ilivyogunduliwa. Alikuwa na bahati kwamba ilikuwa sakarini. Kunywa maji yako nje ya mlango, ukishanawa.

Simu ina hoja hiyohiyo, pamoja na ile ya kukengeusha mawazo: kioo kilichoguswa kwa glavu yenye kemikali kitakwenda shavuni jioni. Tumia saa ya maabara. Ikiwa hakuna, mwombe mwalimu aiweke simu moja mezani pake, isiguswe na mwenye glavu, na mmoja wenu asome muda kwa sauti.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tunafanya majaribio kwa vikundi vya watu wanne, lakini kazi tunaifanya wawili. Tukiandika ripoti zinazofanana tunaambiwa tumenakiliana, ilhali vipimo ni vya pamoja. Na wengine sasa wanaandikiwa majadiliano na programu za akili unde. Mpaka uko wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vipimo ni vya pamoja, maneno ni ya kila mmoja. Ndipo mpaka ulipo. Jedwali lenu linapaswa kufanana hadi desimali ya mwisho, na likitofautiana nitauliza kwa nini. Grafu kila mtu huchora yake, hesabu kila mtu hufanya yake, na mkikutana kulinganisha majibu baada ya kila mmoja kufanya, huko ni kujifunza. Mkikutana kabla, mmoja akaandika na watatu wakabadilisha maneno mawili matatu, huko ni kunakiliana, hata kama jedwali ni lenu nyote.

Kuhusu wale wawili wasiofanya kazi, mwombe mwalimu wenu agawe majukumu kwa majina na ayazungushe kila jaribio: wa kupima, wa kuandika, wa kusimamia usalama na muda, na wa kukagua vipimo upya. Nimeona kwamba mwanafunzi anayeitwa mvivu mara nyingi ni mwanafunzi ambaye hakuna aliyewahi kumpa bureti mkononi, kwa kuwa wenye kasi huikamata kwanza. Mkiwa ninyi ndio wenye kasi, jichunguzeni.

Akili unde inaweza kukueleza kwa nini upinzani wa waya huongezeka waya unapokuwa mrefu, kama kitabu kinavyoeleza, ingawa yafaa uhakiki, maana huweza kukosea kwa kujiamini kabisa. Haiwezi kukuandikia majadiliano, kwa sababu haikuwapo. Itakuambia yale ambayo kwa kawaida hutokea katika jaribio kama lenu, na hilo ndilo kosa lilelile la yule mwenzetu wa titresheni aliyeandika 24.2: kuweka kinachotarajiwa mahali pa kilichoonekana. Ukiitumia, andika mwishoni mwa ripoti uliitumia kwa jambo gani. Mimi humwita kila mwanafunzi kwa dakika 3, namwonyesha nukta moja katika grafu yake iliyo mbali na mstari, namwambia anisimulie. Aliyekuwapo husimulia.

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika shule ya sekondari. Taratibu zote mnazojadili ni za wanafunzi. Kwangu mwalimu huleta orodha ya vifaa asubuhi ya siku ya vitendo, tindikali ikiwa bado haijazimuliwa na darasa linaingia saa mbili baadaye. Nani anawaandikia walimu taratibu?

JIBU: Ndugu yangu, umegusa jambo ambalo sisi walimu tunalikwepa, nami nililifanya kosa hilo katika miaka yangu ya mwanzo. Tindikali ya salfa iliyokolea inapochanganywa na maji hutoa joto jingi. Ndiyo maana tindikali humiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo huku ikikorogwa, na maji hayamiminwi ndani ya tindikali, kwa kuwa yanaweza kuchemka ghafla juu yake na kuirusha usoni kwa mtu. Kisha myeyusho huachwa upoe kabla ya kujazwa hadi alama ya flaski, kwa sababu ukiwa moto ujazo wake si sahihi. Kazi hiyo haiharakishwi. Anayekuharakisha anakuhatarisha wewe, na anawapa wanafunzi myeyusho usio na ukolezi ulioandikwa kwenye lebo.

Pendekeza katika kikao cha idara karatasi ya ukurasa mmoja: maombi ya vifaa yafike siku 5 za kazi kabla ya vitendo, kila chupa iwe na jina la kemikali, ukolezi, tarehe na alama ya hatari, mwalimu ajaribu jaribio jipya mwenyewe, pamoja nawe, kabla ya darasa, na mtaalamu wa maabara awe na mamlaka ya kuahirisha vitendo ambavyo havijaandaliwa salama. Itiwe saini na walimu wote. Kisha omba ibandikwe ukutani maabarani, karibu na ile ya wanafunzi, kwa herufi za ukubwa uleule.